Usakinishaji "bila mtu" unaosimama kumsubiri mtu: nimechoka, leo naweka wazi

Wakuu, nimekasirika na sifichi. Mnaosakinisha mifumo endeshi kwenye mashine nyingi kupitia mtandao mtanielewa kabla sijafika mbali. Ambao bado, someni mjue kinachowasubiri.

Ahadi yenyewe ni nzuri sana. Unawasha mashine tupu, kadi ya mtandao inaomba anwani kwa DHCP (huduma inayogawa anwani za mtandao), inaelekezwa seva yenye faili ya kubutia, yaani ya kuanzisha mashine, inaivuta kwa TFTP (njia rahisi ya kuhamisha faili), kisha kisakinishi kinasoma faili ya majibu uliyoiandika na kumaliza kazi chenyewe huku wewe umelala. Utaratibu huu wa kubuti kupitia mtandao unaitwa PXE, na umekuwepo tangu miaka ya 1990, si kitu cha jana. Sasa kwa nini mpaka leo naingia chumba cha seva asubuhi nakuta safu nzima ya mashine imeganda, kila skrini inauliza nataka mpangilio gani wa kibodi?

Kibodi! Mashine zenyewe hazijachomekwa hata kibodi!

Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote. Kisakinishi kimeshaambiwa hakuna mtu. Kikikosa jibu moja hakisemi nimeshindwa, hakitumi taarifa popote, hakizimi mashine. Kinasimama tu. Ukiwa mbali, kwako inaonekana kama kazi inaendelea.

Chukua Kickstart, faili ya majibu ya Red Hat na Fedora. Nyaraka zake zinasema wazi kwamba ukiacha kipengele cha lazima, kisakinishi kitakuuliza. Njoo kwa preseed, faili ya majibu ya Debian: faili iko kwenye mtandao, lakini ili ifikiwe lazima mtandao uwake kwanza, na maswali ya lugha, kibodi na kadi ya mtandao yanakuja kabla ya hapo. Kwa hiyo unaanza kuhamishia majibu kwenye mstari wa keneli (maelekezo yanayopewa kiini cha mfumo kinapowaka), auto=true, priority=critical, interface=auto, mpaka mstari unakuwa mrefu kuliko subira yako. Ukifika kwenye diski umeshaandika ifutwe yote na igawanywe hivi, bado sehemu ya kugawa diski inadai partman/confirm, kisha partman/confirm_nooverwrite, kila moja na "true" yake. Nimeshasema ndiyo, niseme mara ngapi?

Halafu kuna wanaokubadilishia kila kitu ukiwa ndiyo kwanza umezoea. Ubuntu ya seva ilipofika 20.04 ilileta autoinstall, faili ya majibu ya muundo wa YAML, kwenye kisakinishi chake kipya, na kisakinishi hicho hakisomi faili za preseed ambazo watu walizitunza miaka na miaka. Neno autoinstall lisipokuwepo kwenye mstari wa keneli, kinaomba uthibitisho kabla ya kugusa diski. Hapo naelewa sababu, flashi iliyosahaulika isije ikafuta mashine ya mtu, na sina ugomvi nalo. Ugomvi wangu uko kwenye ile nukta mkato ya ds=nocloud;s=http na kuendelea, maneno ya mstari wa keneli yanayotaja mahali faili ya majibu ilipo. GRUB, programu inayopakia keneli, ikiiona inadhani amri imeishia hapo, inakata anwani yote iliyofuata bila kulalamika. Kisakinishi kinawaka vizuri kabisa, hakioni faili yoyote ya majibu, kinakufungulia menyu ya lugha. Mtu unaweza kukesha ukikagua YAML yako ambayo haina kosa hata moja, kumbe ulitakiwa kuweka mkwaju wa nyuma (\) kabla ya alama moja tu.

Wauza mashine nao nisiwasahau. Mzigo mmoja, modeli moja, lakini nyingine zimekuja zikibuti kwa BIOS, programu ya zamani ya kuanzisha mashine, na nyingine kwa UEFI iliyoirithi. BIOS inataka pxelinux.0, UEFI inataka faili ya .efi, na DHCP yako isiposoma chaguo namba 93, ambamo mashine inajitaja ni ya aina gani, ili ijue nani ni nani, mashine inapokea faili isiyo yake, skrini inafumba na kufumbua, inarukia diski. Ujumbe wa maana hakuna. Na ukiwa umeandika /dev/sda kwenye faili ya majibu, mashine zenye diski za NVMe pekee, ambazo hupewa majina mengine, hazina diski ya jina hilo, tunarudi kulekule kwenye kuulizwa.

Swichi nayo. Spanning tree, kinga ya swichi dhidi ya mizunguko kwenye mtandao, katika mpangilio wake wa kawaida inaiweka poti sekunde 15 ikisikiliza na 15 ikijifunza kabla haijapitisha kitu. PXE inaweza kuvumilia. Ila keneli ikianza na kuiwasha kadi upya, poti inahesabu tena kuanzia mwanzo, na safari hii DHCP ya kisakinishi inaweza kukata tamaa mapema. Inakuletea kidirisha: usanidi wa mtandao umeshindikana, bonyeza endelea. Nani abonyeze? Kaeni na watu wa mtandao wenu, poti za mashine hizo ziwekwe portfast, yaani zipitishe data mara moja bila kusubiri, na msikubali jibu la "kwetu kila kitu kiko sawa".

Msiniambie kuna %onerror ya Kickstart na error-commands za Ubuntu. Zipo, nazitumia, lakini zinaamka kosa likitokea, na swali halihesabiwi kosa! Kickstart angalau ina amri ya cmdline, ambayo swali lolote likijitokeza usakinishaji unasimamishwa papo hapo. Hiyo ndiyo tabia sahihi, na ilitakiwa iwe ya kawaida kwa kila kisakinishi kikishapewa faili ya majibu, isiwe kitu cha kukitafuta kwenye kona ya nyaraka. Kisome faili yote mwanzoni, kiorodheshe majibu yaliyokosekana kabla ya kugusa diski, kitume orodha hiyo kwenye seva, kizime mashine.

Wanaotengeneza visakinishi hivi wana sehemu za kuripoti hitilafu. Nimeanza kuandika huko, ombi moja kwa kila kisakinishi ninachokitumia. Mwenye uzoefu kama wangu aweke hapa chini kisakinishi gani, toleo gani na swali gani lilimgandisha, nizipeleke zote pamoja.