Cheti cha polisi kimekula jina la babu, kazi inaning'inia

Binti wa Leeds:
Shikamooni wakubwa, na wenzangu habari zenu. Naomba msaada wa haraka. Nimepata kazi shirika la kimataifa la haki za watoto, ofisi yao ya London, kitengo cha usajili wa vizazi. Barua ya ajira ninayo, tarehe ya kuanza ninayo. HR, watu wa ajira, wakaomba DBS, yaani cheti cha huku cha rekodi za uhalifu (imetoka, safi), pamoja na cheti cha polisi cha kila nchi niliyoishi zaidi ya miezi sita ndani ya miaka kumi. Kwangu ni Tanzania na Kenya, maana nilifanya kazi Kakuma mwaka mmoja na nusu. Cha Kenya hakina neno. Cha nyumbani nilimpa wakala anishughulikie, kimefika juzi kina majina mawili. Pasi na eViza, viza yangu ya kidijitali, vina matatu. Jina la babu halimo. Wakala nimempigia mara tatu, kila mara yuko kwenye foleni. HR wanasema majina yasipolingana hawapokei, wamenipa hadi Ijumaa ya wiki ijayo. Swali langu ni moja tu: kiapo cha wakili wa nyumbani kwamba majina hayo ni ya mtu mmoja kinapokelewa huku, au niombe cheti upya?

Mama Mapacha, Leicester:
Marahaba mwanangu, na hongera kwanza! Hayo tumeyapitia wote. Mimi nilipotaka kuingia kazi ya nyumba ya watoto nilikwama kwenye alama za vidole. Miaka minane ya kufanya usafi, jiki imekula mistari yote. Yule askari alinipaka wino, akakigandamiza kidole gumba kwenye karatasi, akakiinua, akakuta doa jeusi tu kama punje ya pilipili manga. Akarudia. Mara ya nne akaniuliza kwa upole kama nina vidole vingine. Nilirudi nyumbani nikapaka mafuta ya nazi wiki nzima nikivaa glavu usingizini, ndipo vikasomeka. Kwa hiyo usikate tamaa. Halafu jaribu ACRO, ile ofisi ya polisi wa huku ya rekodi za uhalifu, wana kile cheti cha kimataifa cha kulinda watoto, ICPC. Shoga yangu alikipata bila tabu.

Kaka wa Glasgow:
Mama Mapacha, kwa heshima zote, usimpoteze mtoto wa watu. ICPC ni ya mtu aliyeishi Uingereza anayekwenda kufanya kazi na watoto nje. Inaonyesha rekodi za huku. Za huku DBS imeshazisema. Haitamsaidia hata chembe kwa Tanzania.
Binti, hiyo DBS ni ya daraja gani? Watu wanadhani mwajiri anaweza kumwombea kila mtu ile ya juu. Hawezi, lazima kazi yenyewe iwe ya kugusa watoto. Na mtu binafsi kwa kawaida anaweza kujiombea ile ya msingi tu. Sisi Scotland hatuna DBS kwa kazi hizi, tuna PVG, ukaguzi wetu wa watu wa kazi hizi, na tangu tarehe 1 Aprili 2025 ni lazima kisheria. Pia jiandikishe kwenye huduma ya kuhuisha cheti cha DBS kabla siku 30 hazijaisha tangu kilipotoka. Nilipokuwa Manchester nilichelewa siku mbili, nikaanza moja.

Binti wa Leeds:
Asante kaka. Ni ya juu, nitakuwa natembelea vituo. Ila DBS haina shida. Shida ni jina.

Mwalimu, Coventry:
Hamjambo. Nimefanya kazi na mashirika haya miaka kumi na moja, kwa hivyo mtaniwia radhi nikiwatetea HR kidogo. Kabla ya ile kashfa ya wafanyakazi wa misaada huko Haiti kulipuka 2018, mtu alikuwa akifukuzwa nchi moja kwa kuwadhulumu watu, anaibuka nchi ya pili na barua nzuri ya sifa. Nimeona kwa macho yangu. Meneja wetu kambini aliondoka usiku, hakuna aliyeambiwa sababu, watoto wa shule ndio walijua. Mwaka uliofuata nilimkuta uwanja wa ndege na kitambulisho cha shirika lingine shingoni, akanisalimia kwa jina. Tangu 2019 kuna mpango wa mashirika kuulizana kuhusu mwenendo wa mtu kwa miaka mitano ya nyuma, na hata huo ni kwa waliokubali kujiunga. Wakikaza, waache wakaze.
Lakini kinachonichekesha ni hiki. Unaenda kuhangaikia watoto waandikwe majina yao, na lako limepotea njiani! Kifungu cha 8 cha Mkataba wa Haki za Mtoto hicho.

Kaka wa Glasgow:
Jina na kuandikishwa baada ya kuzaliwa ni kifungu cha 7, mwalimu.

Mwalimu, Coventry:
Kaka, cha 7 ni kupewa jina. Cha 8 ni kutonyang'anywa, na jina limetajwa humo pia. Yeye alishapewa. Soma mpaka chini ndio unisahihishe.

Mzee Baharia, Cardiff:
Wanangu, tatizo si wakala. Tatizo ni watu wa huku kutaka kila mtu awe na jina la ukoo. Kwetu mtu ni yeye, baba yake, babu yake, basi. Hapa fomu imemchukua babu yangu ikamfanya ndiye mimi. Mzee yule hakuwahi kuvaa koti maishani mwake, leo anaandikiwa barua za gesi Cardiff. Hospitali muuguzi akiita jina lake bado nageuka nyuma kumtazama, halafu nakumbuka ninaitwa mimi.
Na hiyo pasi yenyewe. Nilichukua ya huku 1991 kwa sababu ya kazi ya meli, ya nyumbani ikafa papo hapo. Mama alipofariki nilijaza fomu ya viza kwenda kumzika. Pale penye sababu ya safari nilikaa na kalamu muda mrefu. Wakenya wana uraia pacha tangu Katiba ya 2010, sisi Watanzania bado tunaambiwa tusubiri.

Mama Mapacha, Leicester:
Pole mzee wangu. Lakini si wametuletea hadhi maalumu sisi wa diaspora?

Mzee Baharia, Cardiff:
Hadhi maalumu si uraia, mama. Ni kukaribishwa sebuleni kwenye nyumba uliyozaliwa.

Mwalimu, Coventry:
Na nyinyi msituonee wivu sana. Ukitaka cheo cha dola kwetu Kenya unaachia pasi moja. Foleni za kupata hizo karatasi nazo hazijui una uraia mangapi.

Kaka wa Glasgow:
"Mangapi"? Uraia ni ngapi. Kiswahili kiheshimiwe.

Mratibu wa orodha:
Ndugu zangu, mada ya uraia pacha ina uzi wake na umefikia barua 212. Tafadhali tumsaidie binti.

Binti wa Leeds:
Asante mratibu, asanteni wote. Leo nimeomba cheti upya mwenyewe, bila wakala, majina yote matatu nimeyaandika kama yalivyo kwenye pasi. Hakitafika kabla ya Ijumaa. Nimewauliza HR kama naweza kuanza kwa kazi za mezani tu, bila kwenda vituoni, huku nikisubiri. Wamejibu kwamba "wanalizingatia", na hapohapo wakanitumia fomu ya kuomba anwani za waajiri wangu wa miaka mitano. Narudia, samahanini: kuna yeyote hapa aliyewahi kupeleka kiapo cha majina kwa mwajiri wa huku kikakubaliwa?

Mama Mapacha, Leicester:
Mwanangu, ukishampata wakili wa kiapo niandikie pembeni unipe namba yake. Hati yangu ya ndoa nayo ina jina la baba tu, na mapacha wanataka pasi kabla ya Desemba.