Mliosoma na mheshimiwa, acheni kumvua viatu!

Nimevumilia vya kutosha. Tangu mheshimiwa wetu (simtaji, wenyewe mnajijua) atangaze kwamba anataka kiti kikubwa, kikundi chetu cha wasapu cha tuliosoma pamoja kimegeuka kiwanda cha hadithi. Kila asubuhi nikiwa kwenye matatu Jogoo Road nafungua simu nakuta kumbukumbu mpya. Alitembea pekupeku. Alisomea koroboi. Aligawia wenye njaa githeri yake. Juzi mwenzetu mmoja kahojiwa redioni akasema eti yeye alijua tangu darasa la tatu kwamba huyu ni kiongozi. Darasa la tatu! Bwana wee, darasa la tatu ulikuwa bado unafungwa vifungo vya shati na dada yako.

Pekupeku gani? Baba yake alikuwa na duka pale sokoni. Yule mtoto alikuja shule na viatu vya Bata na soksi juu, sisi wenye funza tukabaki kuvitazama. Rais Ruto amesimulia mwenyewe kwamba alivaa viatu vya kwanza akiwa na miaka 15, na kwamba aliuza kuku kando ya barabara. Hayo ni yake, sina ugomvi nayo. Ila siku hizi kila anayesaka kura ni lazima awe alikanyaga umande, hata mtoto wa mwenye duka!

Viatu ningewasamehe. Kilichonichoma ni hiyo hadithi ya paredi kwenye video mnayomtengenezea.

Mwaka 1985 sisi ndio tulikuwa kundi la kwanza la KCPE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi. Mfumo mpya wa elimu, 8-4-4, umeingia, darasa la nane limezuka, kuna ufundi, kuna sayansikimu, na wazazi wanaambiwa wajenge karakana. Kwa pesa gani? Njaa ya 1984 ilikuwa bado haijatutoka mwilini, tumetoka kula yale mahindi ya njano kutoka ng'ambo. Asubuhi hiyo, tukishamaliza kukariri kiapo cha utiifu kwa rais, mwalimu mkuu akasoma majina ya wasiolipa pesa hizo na kuwaamuru warudi nyumbani. Mstari ukabaki na mapengo. Ndipo mtu mmoja akauliza kwa sauti: mkiwafukuza hawa wote, mtihani atafanya nani? Alichapwa pale pale mbele yetu. Lakini kabla wiki haijaisha, waliofukuzwa waliitwa warudi.

Kwenye video mnayotengeneza, aliyeuliza ni mheshimiwa. Uongo mtupu! Aliyeuliza ni msichana, yule aliyekuwa akiongoza darasa muhula baada ya muhula. Mheshimiwa alikuwa nyuma ya mstari, kalipiwa kila kitu, kimya. Simlaumu kwa hilo, alikuwa mtoto.

Msichana alipita. Barua ya sekondari ikaja, karo haikupatikana, mambo yakaishia hapo. Leo anauza mboga hapa hapa Nairobi, na hakuna hata mmoja wenu aliyewahi kuulizia namba yake tumwingize kwenye kikundi. Sasa mnamnyang'anya hata viboko vyake!

Wangari Maathai, kabla ya kuwa mbunge wa Tetu mwaka 2002, alikuwa mtoto wa kijijini kama sisi. Alipopata jina duniani alisimulia kwamba ni kaka yake aliyeuliza nyumbani mbona dada yetu haendi shule, ndipo akapelekwa Ihithe. Alikuwa na haki ya kujisifu, akamsifu mwingine. Nyinyi hata hamjaombwa mseme uongo, mnajitolea.

Na karakana yenyewe, nilipita Desemba, kuta zimeishia kwenye linta vile vile, juu ya milango na madirisha. Mkiitia kwenye video msisahau mbuzi wanaolala humo.

Mmetuitisha elfu mbili kila mtu za fulana na za mpiga picha. Yangu hamuioni. Ama mtoe kipande cha paredi, ama mumtafute aliyechapwa asimulie kwa mdomo wake. Viongozi wa kikundi, msinijibu kwa emoji za mikono iliyokunjwa. Jibuni hapa.

Na wewe unayenitumia ujumbe pembeni kwamba ninyamaze kwa kuwa kijana wako ameahidiwa kazi kaunti: akiipata, hongera. Mimi sinyamazi.