Ushauri: kununua jinsengi ya porini Kentucky, kuikausha na kusubiri bei

Mchuuzi_KY: Wakuu, habari za humu. Nipo Kentucky, upande wa milimani mashariki. Kuanzia Septemba 1 wachimbaji wanauza jinsengi ya porini mbichi (ule mzizi wa dawa), naambiwa dola 200 kwa ratili. Nataka niinunue, niikaushe, niishike mpaka Februari. Mtaji dola 6,000, leseni bado. Hasara iko wapi?

Bonde77: Leseni kwanza, mkuu. Kununua ili uuze tena bila leseni ya Idara ya Kilimo ya jimbo ni kosa. Kila mzigo andika tarehe, jina la mchimbaji, kaunti ilikochimbwa na uzito, mbichi au kavu. Iliyotoka Tennessee bila cheti cha jimbo lile usiiguse. Ya Mammoth Cave hata kwa bure usipokee, ile ni hifadhi ya taifa na humo haichimbwi kabisa.

Sasa hesabu. Ratili 3 hadi 3.5 za mbichi zinatoa 1 ya kavu. Kwa dola 200, kavu imeshakula 600 hadi 700, na bado umeme na vipande vilivyovunjika. Ulizia bei ya kavu, gawanya kwa 3.5, punguza faida yako, ndipo utaje bei ya mbichi.

Shangazi_Mizani: Mwanangu, angalia shingo, pale juu mzizi unapoungana na shina, kabla ya mizani. Shina likinyauka kila mwaka huacha kovu pale juu. Makovu manne maana yake miaka mitano, na chini ya hapo haisafirishwi nje. Shingo ikikatwa umri haujulikani, rudisha. Ya porini ni nyembamba, imejikunja, ina pete nyeusi zilizobanana. Ya mashamba ya Wisconsin ni nene, laini, kama karoti. Ukikuta chache zimechanganywa, kataa gunia zima, maana mnunuzi wako naye atalishusha bei lote. Mizizi minene mno ivunje kidogo, wengine huchomeka vipande vya risasi ndani iongeze uzito.

Mchuuzi_KY: Shikamoo shangazi. Kukausha naweza kutumia oveni?

Shangazi_Mizani: Marahaba. Oveni hapana. Joto likizidi, ganda hukauka haraka na kufungia maji ndani, moyo unageuka kahawia. Suuza tu, usisugue, udongo wa kwenye pete ndio alama ya porini wanayoitafuta wanunuzi wa Hong Kong. Tandaza kwenye wavu safu moja, isigusane, nyuzi 32 hadi 38 za Selsiasi, feni ipite kwa mbali. Wiki moja hadi mbili. Ikikatika kwa mlio imeiva, ikipinda bado. Hifadhi kwenye boksi la karatasi, juu ya sakafu, mbali na panya. Ukiifunga kwenye nailoni inaota ukungu.

Kidole_Kimoja: Hiyo Februari usiivute sana. Ikifika Machi 31 hujauza, lazima ipimwe na idara upewe stakabadhi ya uzito, la sivyo msimu ujao haiuziki. Pia waulize wachimbaji mbegu wamezifanyia nini. Sheria ya Kentucky inataka zifukiwe ndani ya futi 50 za mche, kwa kidole tu, bila jembe.

Mchuuzi_KY: Kwa hiyo kavu ikiwa 650, mbichi nisipite 185?

Bonde77: Kwa 185 hupati hata senti. Lipa 150. Yenye matope ioshwe, ichuruzike maji, ndipo ipande mizani.