Kivimbe karibu na kifundo cha mguu: wana Goma, tupeane uzoefu

Fundi wa cherehani, Birere
Jambo wapendwa. Nina kinundu upande wa nje wa kifundo cha mguu, kama punje ya mahindi. Hakiumi, ila kiatu kinakisugua nikikanyaga cherehani. Jirani mmoja anasema ni mshipa, mwingine amekwisha kunitafutia muganga wa karuho, ile sumu wanayosema mtu hutegewa. Nani amepitia hii?

Msukuma chukudu, Ndosho
Uvimbe wangu ulikuja ghafla. Kwenye chukudu, gari letu la mbao la magurudumu mawili la kubebea mizigo, mguu mmoja unasukuma chini, na chini kwetu ni mawe ya volkano. Uliteguka, ukavimba, ukageuka bluu. Wakataka kuukanda na mafuta ya moto, nikakataa. Kwenye kituo cha afya waliniuliza kama naweza kupiga hatua nne. Niliweza, lakini walipobonyeza ncha ya mfupa kwa nyuma nilipiga kelele, wakanituma radio, yaani picha ya mfupa. Mfupa ulikuwa mzima, ni kano tu zilizovutika. Bandeji, barafu ndani ya kitambaa, mguu juu ya mto. Hata sasa, nikibeba viazi vingi, jioni unajaa kidogo.

Mama wa Himbi
Mimi ni miguu yote miwili, jioni, na ukibonyeza kidole kinaacha shimo. Walipima mkojo, wakasikiliza moyo, maana figo na moyo ndivyo vinavyoogopewa kwanza. Vyote vizuri. Kumbe ni dawa yangu ya tansio (shinikizo la damu), amlodipini! Daktari mwenyewe ndiye alinibadilishia. Msiache dawa ya tansio kwa sababu ya miguu, tafadhali.

Yaya wa Katindo
Fundi, chako kinafanana na changu. Ni kifuko cha ute mzito kinachoota karibu na kiungo au kano, si kansa. Muuguzi alizima taa, akakimulika kwa tochi ya simu, mwanga ukapita ndani. Kinundu cha nyama ngumu hakipitishi hivyo. Lakini tochi haitoshi, daktari akigusa pia. Waliuvuta ute kwa sindano; kikarudi, kidogo zaidi. Vingine hupotea vyenyewe. Usikitoboe nyumbani!

Kijana wa Majengo
Mimi ni jongo, ule ugonjwa wa viungo. Mishikaki na bia jumamosi, usiku kifundo kikawaka moto, hata shuka sikutaka liniguse. Nilifikiri jongo ni la kidole gumba tu.

Muuguzi, Kyeshero
Mguu MMOJA ukivimba bila kuteguka, na shavu la mguu linauma au ni la moto, hasa baada ya safari ndefu, upasuaji au kuzaa: hopitali siku ile ile, na msikande. Inaweza kuwa damu iliyoganda ndani ya mshipa, na ikipanda inafika mapafuni. Mama mjamzito aliyevimba ghafla uso au mikono, kichwa kinamuuma au macho yanaona ukungu, naye asingoje kesho. Kinundu kigumu kinachoendelea kukua, au kinachouma usiku, kionyeshwe hata kama ni kidogo.

Fundi wa cherehani, Birere
Nimemulika, mwanga umepita! Jumatatu naenda kukionyesha. Yaya, sindano iliuma?

Yaya wa Katindo
Kidogo. Uende na sandali, viatu vya kufunga uviache nyumbani. Na cherehani umwachie mwanafunzi wako siku hiyo.

Fundi wa cherehani, Birere
Mwanafunzi wangu? Atanishonea suruali yenye mguu mmoja huyo.