Watu 11 watibiwe ili mmoja anufaike: tuisomeje tafiti ya dawa za uraibu wa pombe?

Dada Mkubwa ameuliza:
Wapendwa, mdogo wangu amekuwa mraibu wa pombe kwa miaka mingi na sasa, kwa hiari yake, amekubali kutibiwa. Nilipotafuta habari za naltreksoni, dawa ya uraibu wa pombe, nilikuta uchambuzi wa mwaka 2023, uliojumlisha majaribio 118, unaosema kwamba ni lazima watu 11 wapewe dawa hiyo ili mmoja aepushwe kurudia unywaji wa kupindukia. Nimevunjika moyo. Je, wale kumi waliobaki hawapati chochote? Sitaki kumpa mdogo wangu tumaini la uongo.

Msomaji wa Tafiti amejibu:
Dada, pole kwa mzigo huo. Hesabu uliyoikuta ni sahihi, ila maana yake siyo hiyo unayoihofia. Katika majaribio hayo kundi moja hupewa dawa na jingine hupewa kidonge kinachofanana nayo lakini kisicho na dawa ndani, na mara nyingi makundi yote mawili hupata unasihi na kufuatiliwa kwa karibu, hivyo hata katika kundi la pili wapo wanaofanikiwa kujizuia. Huyo mmoja ni wa nyongeza, juu ya wale ambao wangefanikiwa bila dawa. Isitoshe, kipimo cha "amerudia" au "hajarudia" humhesabu aliyeteleza siku moja katika miezi mitatu sawasawa na anayelewa kila siku, jambo ambalo familia yoyote iliyoishi na mraibu italiona kuwa si haki. Kwangu mimi, manufaa ya kiasi hicho ni ya kweli, ingawa si makubwa.

Tofauti na disulfiramu, dawa nyingine ya uraibu huu, ambayo humtapisha na kumwumiza kichwa anayekunywa pombe, naltreksoni hupunguza raha inayoletwa na kileo. Ilikubaliwa Marekani kwa tiba hii mwaka 1994.

Muuguzi Mstaafu amejibu:
Naomba niongeze jambo ambalo tarakimu hizo hazilisemi. Mdogo wako asiache pombe ghafla akiwa peke yake nyumbani ikiwa amekuwa akinywa sana kila siku, kwa sababu arosto ya pombe, tofauti na watu wanavyodhani, inaweza kuua: huanza kwa kutetemeka na kutokwa jasho, kisha huweza kufuata degedege, kuchanganyikiwa na kuona visivyopo. Mwanzo huo usimamiwe na daktari. Mwelezeni pia kama anatumia dawa za maumivu za jamii ya afyuni, kwani hazichanganywi na naltreksoni, na hali ya ini lake ichunguzwe.

Mwenzenu Safarini amejibu:
Dada, usichague kati ya dawa na watu. Mapitio ya mwaka 2020 ya Cochrane, mtandao wa kimataifa wa watafiti wanaochambua tafiti za afya, yaliyokusanya tafiti 27, yalionyesha kwamba programu zinazomwunganisha mgonjwa na vikundi vya Alcoholics Anonymous, ambamo waraibu wa pombe husaidiana kuacha kunywa, ziliwasaidia wengi zaidi kudumu bila kunywa kabisa kuliko tiba nyingine za mazungumzo. Mimi nilihitaji vyote viwili.

Dada Mkubwa amejibu:
Nawashukuru sana. Nilikuwa nimepanga kumfungia pombe yote kuanzia kesho asubuhi. Badala yake nitampeleka kwa daktari kwanza, na swali la ini nimeliandika.