Sumu ya bakteria wa kipindupindu humlenga nani?

Muulizaji: Naomba kufahamishwa: bakteria wa kipindupindu hutoa sumu ili kumdhuru mgonjwa, au kuwaua bakteria wenzake utumboni?

Jibu la 1: Yote mawili, ndugu, ila kwa silaha tofauti. Sumu ambayo mwanasayansi S. N. De aliithibitisha mjini Kolkata, India, mwaka 1959 huingia katika seli za utumbo mwembamba na kuzilazimisha kumwaga chumvi, nayo maji hufuata, hata mgonjwa akaharisha choo kama maji ya mchele. Bakteria jirani huchomwa kwa kitu mfano wa mkuki wenye sumu, kilichoelezwa mwaka 2006.

Muulizaji: Nashukuru sana. Mbona hajiui mwenyewe?

Jibu la 2: Hutengeneza protini za kinga zinazozima sumu ya mkuki huo, na ndugu zake wa ukoo mmoja wanazo pia. La kustaajabisha zaidi, jeni za ile sumu inayosababisha kuharisha zililetwa na kirusi kinachoambukiza bakteria.