Naomba ushauri: ubao wa aya, ukuta wa kibla au wa ubavuni?

Assalaam alaykum mafundi wa nakshi na walimu wetu wa Lamu. Ubao ni wa mbambakofi, sentimita 60 kwa 20, unene 3. Utachongwa aya ya 28 ya Suratur Raad, ile isemayo kwamba kwa kumkumbuka Mwenyezi Mungu nyoyo hutulia. Nia si pambo. Nia ni mtu akae mbele yake baada ya Alfajiri, asome herufi kwa herufi mpaka maneno yamwingie.

Hapo ndipo penye uzito. Thuluthi, mwandiko wa Kiarabu ambao alifu yake ina urefu wa nukta 7 za kalamu, hupendeza sana herufi zikipandana, lakini zikizidi jicho hutangatanga, mtu akaishia kutazama bila kusoma. Naskhi, mwandiko mwingine wa Kiarabu, husomeka upesi, ila ikichongwa ndogo nukta za kunyanyuka hung'oka patasi ikikata kinyume cha nyuzi za mti. Nukta ikitoka, neno ni jingine! Je, thuluthi ya mstari mmoja, isiyopandana, itafaa?

Tena mahali. Mtume (s.a.w.) alilivua vazi lenye nakshi lilipomshughulisha katika swala, kwa hiyo ukuta wa kibla unanitia wasiwasi. Naona bora wa ubavuni, kama sentimita 80 kutoka sakafuni, usawa wa macho ya aliyeketi. Lakini kuta zetu za matumbawe na chokaa hushika unyevu, na ubao ukizigusa hupinda. Mnaacha nafasi kiasi gani nyuma? Na mnapaka mafuta gani yasiyojaza mifereji ya herufi?